Mikono ya Kuyatunza Mawe

Hotuba kuhusu mafunzo ya wanagenzi wa uashi wa majengo ya kale, iliyotolewa katika Maadhimisho ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, imeandikwa habari ya Mfalme Yoashi aliyewaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuitengeneza nyumba ya Bwana kila mahali palipobomoka. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, na mabomoko yalikuwa bado hayajatengenezwa. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zikajaa, zikahesabiwa, zikakabidhiwa kwa maseremala na wajenzi, kwa waashi na wakata mawe. Habari hii husomwa mara nyingi katika Jumapili za harambee, na husomwa kwa ajili ya lile kasha. Waashi hupitwa haraka. Lakini tuseme kasha lingejaa, na katika Yerusalemu yote asipatikane mtu anayejua kukata jiwe likaingia mahali pake. Fedha zingekaa palepale, na ukuta ungezidi kufunguka.

Mada ya alasiri hii inahusu watu hao wanaopitwa: mwashi wa mawe, na hasa kijana anayejifunza kazi hiyo, ambaye Kiswahili humwita mwanagenzi. Haikuchaguliwa kwa sababu ya uhaba wa mambo ya kusherehekea. Imechaguliwa kwa sababu kanisa hili, ambalo wazee wa usharika walibeba mawe yake vichwani kutoka mtoni, limefikisha umri ambao mawe huanza kudai matunzo, na kila anayetoka kwa mlango wa kaskazini anaona jinsi lipu ya saruji ilivyovimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Fedha za kurekebisha ukuta zinaweza kuchangwa katika Jumapili mbili. Fundi wa kuurekebisha hachangwi.

Kanisa moja la Kilutheri linajua jambo hili kuliko mengine. Ni Kanisa Kuu la Nidaros katika mji wa Trondheim, Norwei, nchi ambayo wamisionari wake wanajulikana vizuri katika Kanisa la Tanzania, na ambako ilitoka misaada iliyojenga hospitali ya Haydom katika miaka ya 1950. Ujenzi wa Nidaros ulianza yapata mwaka 1070 juu ya kaburi la Mfalme Olav, aliyeuawa vitani mwaka 1030, na ukamalizika karibu na mwaka 1300. Baadaye moto uliliunguza tena na tena. Baada ya moto wa mwaka 1531, sehemu yote ya magharibi iliachwa bila paa. Ibada ziliendelea katika sehemu iliyosalia, theluji ikiangukia ile nyingine, na hali hiyo ikadumu kwa zaidi ya miaka 300.

Ilipoamuliwa mwaka 1869 kulirudisha kanisa lile katika hali yake, mawe yalikuwepo, michoro ilianza kuchorwa, na serikali ilitoa fedha. Kilichokosekana ni watu. Norwei ni nchi ya nyumba za mbao. Tangu kazi za mawe zilipokoma, ujuzi wa kuchonga nguzo, tao na majani ya mawe ulikuwa umekufa pamoja na wale waliokuwa nao. Ikabidi mafundi watafutwe hata nje ya nchi, na vijana wa mji wawekwe chini yao wajifunze. Karakana iliyoanzishwa wakati huo haikufungwa hadi leo. Urejeshaji ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 2001, yaani miaka 132 baada ya kuanza, na hakuna aliyekuwepo siku ya kwanza ambaye angeweza kuiona siku ya mwisho. Kazi ilifika kwa sababu kila kizazi cha mafundi kilikuwa na kingine kando yake, kikishika nyundo na kutazama.

Jambo la kutia faraja ni kwamba sehemu kubwa ya jiwe la Nidaros ni la jamii ileile ya jiwe la sabuni linalochongwa na mafundi wa Tabaka, Kisii, nchini Kenya, ambao vinyago vyao vinauzwa hadi Arusha. Jiwe hilo ni laini kiasi cha kukatwa kwa kisu likiwa jipya, na hata hivyo limesimama katika baridi ya kaskazini kwa karne nyingi. Ulaini si udhaifu iwapo fundi anajua mahali pa kuliweka.

Sasa, mwanagenzi hujifunza nini hasa? Swali hili lafaa kukaliwa kidogo, maana wengi hudhani uashi ni nguvu za mikono.

Katika Ujerumani uanagenzi wa mchonga mawe huchukua miaka mitatu. Kijana huajiriwa na karakana kwa mkataba, hulipwa posho, na wakati huohuo huhudhuria shule ya ufundi, ambako hufundishwa hesabu, uchoraji wa ramani, aina za miamba na historia ya majengo. Mwishoni hufanya mtihani wa nadharia na kuchonga kazi moja kwa mikono yake mbele ya wakaguzi. Akifaulu huitwa fundi kamili. Akitaka kuwa bingwa mwenye haki ya kufundisha wengine, yampasa asome tena. Wapo ambao baada ya mtihani hushika desturi ya zamani ya kusafiri kwa miaka mitatu na siku moja, wakifanya kazi mji huu na ule, bila ruhusa ya kukaribia nyumbani kwao kwa umbali wa kilomita 50. Mavazi yao na kofia pana huwafanya watambulike barabarani. Si desturi ya kuigwa na kila mtu, lakini yaonyesha kwamba wenzetu waliona hatari ya fundi anayejua njia moja tu ya kufanya kazi, ile ya mwalimu wake.

Jambo la kwanza kabisa analopewa mwanagenzi ni bonge la jiwe lisilo na uso hata mmoja ulionyooka, naye huagizwa atengeneze uso mmoja ulio sawasawa. Hana mashine. Ana nyundo, tindo na ubao ulionyooka. Hukata mstari mwembamba ukingoni upande mmoja, kisha mstari wa pili upande wa pili, akiweka ubao juu ya kila mmoja na kutazama kwa jicho moja kama mbao hizo mbili zinalingana. Zikilingana, huondoa jiwe lililobaki katikati. Maelezo haya husemwa kwa pumzi moja. Kuyatenda huchukua siku kadhaa mara ya kwanza, na wengi huharibu jiwe la kwanza kwa pigo moja la haraka karibu na ukingo. Mwalimu mwema hamkaripii. Humpa jiwe lingine. Jiwe halina kiraka, na fundi hulijua hilo kwa uchungu wa mkono wake mwenyewe, si kwa kusimuliwa.

Baada ya uso mmoja huja uso wa pili ulio kwenye pembe ya mraba na ule wa kwanza, ukipimwa kwa guni. Kisha mkunjo, kisha nusu duara, kisha jiwe la tao, ambalo hakuna pembe yake iliyo ya mraba. Hapa ndipo kigezo kinapoingia: bapa la bati au plastiki lililokatwa kwa umbo kamili la jiwe linalotakiwa, ambalo mwanagenzi huliweka juu ya bonge na kulichora pembeni. Asomaye Wafalme wa Kwanza 6:7 atakumbuka kwamba nyumba ya Sulemani ilijengwa kwa mawe yaliyokamilishwa machimboni, hata sauti ya nyundo haikusikika wakati wa kujenga. Jambo hilo haliwezekani bila vigezo na vipimo visivyobadilika. Waliolichonga jiwe na walioliweka ukutani huenda hawakuonana.

Kisha kuna jambo ambalo macho ya kawaida hayalioni. Mawe kama jiwe la mchanga yalitokea kwa tabaka, moja juu ya jingine, kama kurasa za kitabu. Mwanagenzi hufundishwa kuzitafuta kurasa hizo kwa kulilowesha jiwe na kulitazama, na kuhakikisha kwamba ukutani jiwe linalala vilevile lilivyolala ardhini. Likisimamishwa, kurasa zake zikielekea nje, mvua na jua huzibandua moja baada ya nyingine. Ukuta uliojengwa hivyo waweza kupendeza siku ya kuzinduliwa, na mgeni rasmi akausifu. Makosa yake huonekana wakati wajukuu wa mgeni rasmi wamekwisha kuoa.

Afya nayo ni somo, wala si la pembeni. Vumbi la jiwe la mchanga lina silika, ambayo ikivutwa kwa miaka huharibu mapafu pasipo tiba ya kuyarudisha. Waashi wengi wa zamani walikufa mapema kwa sababu hiyo. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi, na ikiingia jichoni huweza kulipofusha. Barakoa, miwani na maji safi karibu na mahali pa kazi ni vitu rahisi kuliko matanga. Yeyote anayewapokea vijana bila vitu hivyo hajaanza kuwafundisha.

Mwanagenzi akimaliza, hupewa alama yake, mistari michache inayochongwa juu ya jiwe kuonyesha nani alilifanya. Kuta za Nidaros na za makanisa makuu mengine ya Ulaya zimejaa alama hizo tangu zama za kati. Majina ya wenye alama yamepotea karibu yote. Hapo zamani mwajiri alizihesabu ili amlipe mtu kwa kazi yake, na msimamizi aliziangalia ili ajue wa kumwita jiwe likionekana na kasoro. Uwajibikaji wa namna hiyo, ulioandikwa juu ya kazi yenyewe, ungewafaa hata wahasibu.

Karakana za namna hii zimedumu. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza kazi za karakana 18 za makanisa makuu, kutoka Ujerumani, Austria, Ufaransa, Norwei na Uswisi, katika orodha yake ya njia njema za kuhifadhi urithi usioshikika. Kilichotambuliwa hapo si mawe, bali namna ujuzi unavyopokezwa kutoka mtu hadi mtu. Wala si kazi ya wanaume peke yao: mwaka 1999 Barbara Schock-Werner alikuwa mwanamke wa kwanza kushika usimamizi mkuu wa ujenzi wa Kanisa Kuu la Köln, akaitumikia nafasi hiyo hadi mwaka 2012, na wasichana wenye nyundo ni jambo la kawaida katika karakana hizo leo.

Mojawapo ni ya Ulm, kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1377, likawa la Kiinjili baada ya wananchi wa mji kupiga kura mwaka 1530, na mnara wake wa mita 161.5 ukakamilika mwaka 1890. Mnara huo ulikuwa mrefu kuliko minara yote ya makanisa duniani hadi Oktoba 2025, ulipopitwa na wa Sagrada Família mjini Barcelona. Wageni hupenda kusikia habari za urefu huo. Mafundi wa chini wana habari zisizopendeza: mwaka 2016 msimamizi wao alilazimika kusema hadharani kwamba chumvi katika mikojo ya wapita njia, hasa nyakati za sherehe za mjini, ilikuwa ikila mawe ya chini ya kanisa. Wanaocheka wafanye hivyo kwa kiasi; kona za nyuma za makanisa mengi ya hapa nyumbani nazo zina harufu yake.

Baada ya Trondheim, mfano wa pili unaostahili nafasi ni Kanisa la Mama Yetu mjini Dresden, la Kilutheri, katika jimbo la Saxony. Wazee watakumbuka kwamba katika jimbo hilohilo uko mji wa Leipzig, ilikotoka misioni iliyoanza kazi Machame mwaka 1893. Kanisa la Dresden lilijengwa kati ya mwaka 1726 na 1743 kwa ramani ya George Bähr, fundi aliyeanza kama seremala, na kuba lake lote lilikuwa la mawe, lenye uzito wa tani zipatazo 12,000. Mabomu ya Februari 1945 hayakuliangusha mara moja. Lilisimama katika moto, na tarehe 15 Februari, asubuhi, nguzo zilizodhoofishwa na joto zikashindwa, likaanguka. Kifusi kikakaa katikati ya mji kwa zaidi ya miaka 45.

Mwaka 1990 wakazi wa Dresden walitoa wito kwa ulimwengu ili lijengwe upya. Kuanzia Januari 1993 kifusi kilifunguliwa jiwe kwa jiwe; kila kipande chenye umbo kilipimwa, kikapigwa picha na kupewa namba, na vipande zaidi ya 8,000 vya kuta na mapambo vikapatikana. Waashi walivitazama, wakalinganisha na ramani na picha za zamani, wakitafuta mahali ambapo kila kimoja kilikuwa. Ujenzi ulianza mwaka 1994, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Anayelitazama leo huona madoadoa meusi katika ukuta wa rangi ya mchanga: hayo meusi ni mawe ya zamani yaliyorudishwa. Wengine hudhani weusi huo ni masizi ya vita. Kwa sehemu kubwa ni rangi ambayo jiwe la mchanga la Mto Elbe huvaa lenyewe kwa miaka, na mawe mapya nayo yataivaa, hata siku moja tofauti isionekane. Msalaba wa juu ulitengenezwa Uingereza na mfua dhahabu Alan Smith, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa marubani walioushambulia mji ule. Mwana wa aliyebomoa aliweza kuleta kitu kwa sababu alikuwa na ufundi mkononi. Huzuni peke yake isingetosha kutengeneza msalaba.

Wapo watakaosema kwamba mifano hii ni ya mbali na ya watu wenye mali. Wana haki. Hata hivyo uashi wa mawe si jambo geni katika pwani ya Afrika Mashariki, na hapo ndipo habari inapogusa ukuta wa kaskazini.

Kilwa Kisiwani msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kabla ya meli ya kwanza ya Wareno. Mafundi wa pwani walijua kwamba tumbawe likatwalo baharini ni laini likiwa bado bichi, likachongwa upesi, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Walipanga magogo kwa duara, wakaweka matumbawe juu yake na kuwasha. Tanuri hilo la wazi lilitoa chokaa. Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko, na sakafu ya juu ilipondwa kwa vijiti kwa siku kadhaa, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. UNESCO iliitambua Kilwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikaitia katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 ikaiondoa katika orodha hiyo baada ya kazi ya kuziimarisha kuta. Wakazi wa huko walishirikishwa na kufundishwa, maana mtaalamu wa kigeni huja na kuondoka, bali mvua za masika zina kawaida ya kurudi.

Zanzibar, katika Kanisa la Kristo la Mkunazini lililojengwa na Waanglikana katika miaka ya 1870 mahali palipokuwa na soko la watumwa, mpaka leo wageni huonyeshwa nguzo kadhaa zilizosimama kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu Edward Steere alipokuwa hayupo, naye aliporudi akaziacha. Askofu huyo, anayekumbukwa zaidi kwa kuyaleta Maandiko katika Kiswahili, huenda aliona kwamba nguzo hata hivyo zinabeba. Lakini kisa hicho chaonyesha pia jinsi ilivyo rahisi kumpa mtu jiwe bila kumweleza maana ya jiwe. Kanisa lile lilifanyiwa ukarabati mkubwa uliomalizika mwaka 2016, na mafunzo ya mafundi yalikuwa sehemu ya kazi.

Habari nyingine ya Zanzibar ni ya majonzi. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakafa. Haifai hapa kutoa hukumu juu ya sababu. Inatosha kusema kwamba jengo la kale likifika mahali hapo huwa limekwisha kutoa ishara kwa miaka mingi, na kwamba kuzisoma ishara ni kazi inayofundishwa.

Ishara ya kanisa hili ni ile lipu inayovimba. Saruji ya kisasa ilipewa hati ya ugunduzi mwaka 1824, kwa Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, nayo ni baraka kubwa kwa madaraja, mashimo ya maji na nyumba za tofali. Katika ukuta wa kale wa mawe ni mgeni mgumu. Ukuta wa kale hunywa maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa kupitia viungo vya chokaa, ambavyo ni laini na vyenye matundu madogo. Viungo vikizibwa kwa saruji, maji hutafuta njia nyingine, nayo ni jiwe lenyewe. Yakifika karibu na uso hukauka, chumvi iliyokuwa ndani yake huganda na kupanuka, na uso wa jiwe hupasuka ukaanguka kama maganda. Nidaros walilijua hilo kwa gharama kubwa, maana saruji iliyotumika katika urejeshaji wa zamani ilileta chumvi iliyodhuru mawe yaliyokusudiwa kuokolewa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwanagenzi wa majengo ya kale ni kinyume cha kila anachokijua fundi wa mjini: kinachounganisha mawe lazima kiwe dhaifu kuliko mawe. Kiungo kikichakaa baada ya miaka 60, hukwanguliwa na kujazwa tena. Jiwe likichakaa, limekwenda.

Waliotia lipu ile walitia kwa moyo mwema na kwa fedha za wajane. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia. Fundi wa leo huanza kazi kwa saruji na tofali, na huitwa stadi akizijua hizo. Si kosa lake kwamba hajawahi kuona chokaa ikizimwa.

Chokaa yenyewe haina siri isiyofundishika. Jiwe la chokaa au tumbawe huchomwa kwa joto la nyuzi kama 900 za Selsiasi hadi hewa ya ukaa iliyomo itoke. Kinachobaki huzimwa kwa maji, yakachemka kwa nguvu, kisha rojo huachwa shimoni chini ya maji kidogo kwa miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Huchanganywa na mchanga mkali uliooshwa, kwa kawaida sehemu tatu za mchanga kwa moja ya chokaa. Ikiwa ukutani hurudia polepole kuwa jiwe kwa kuvuta tena hewa ya ukaa, na katika wiki za kwanza lazima ifunikwe kwa magunia mabichi, jua lisiikaushe upesi. Subira hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Saruji hushika usiku mmoja. Chokaa humtaka fundi arudi kila asubuhi kuinyunyizia maji, Jumamosi na sikukuu zikiwemo.

Katika Kutoka 35:34 imesemwa juu ya Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, kwamba pamoja na hekima ya kuchonga mawe na mbao, Mungu alitia moyoni mwake uwezo wa kufundisha, yeye na Oholiabu mwenzake. Mara nyingi vipawa hivi viwili havikai kwa mtu mmoja. Wapo waashi wazee katika vijiji vya jirani ambao mikono yao bado inajua kupanga mawe bila kutazama timazi kila mara, lakini hawajaombwa kufundisha, nao wameona wajukuu wakichagua bodaboda. Kijana hawezi kulaumiwa. Bodaboda humpa fedha jioni. Uanagenzi humpa fedha baada ya miaka mitatu, na pengine baada ya hapo asipate kanisa la kutengeneza. Dayosisi ikiwa na makanisa ya mawe kadhaa, na kila usharika ukimwita fundi wake siku ya dharura tu, hakuna anayeweza kuishi kwa kazi hiyo. Sharika zikipanga pamoja, mwaka huu paa la huku, mwaka ujao msingi wa kule, kazi ya mafundi wanne au watano hupatikana mwaka mzima. Hilo ni jambo la vikao vya Dayosisi, na wageni waliopo wana nafasi ya kulipeleka huko. Cheti cha ufundi chaweza kuzungumzwa na VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ili kijana asiishie na ujuzi usiotambulika nje ya boma la kanisa.

Kwa usharika huu, mapendekezo ambayo Baraza la Wazee limeombwa kuyafikiria ni machache. Vijana wawili, mmoja wao msichana ikiwezekana, wachaguliwe kwa kupenda kazi wala si kwa ukoo, na posho yao iwekwe katika bajeti ya kila mwaka, isitegemee sadaka ya mara moja. Mzee mmoja mwashi aombwe kuwa mwalimu wao, alipwe kama mwalimu. Mwaka wa kwanza wasiguse kanisa. Wajifunzie ukuta wa uzio wa makaburi, ambao umeanguka sehemu mbili na hauwezi kuharibika zaidi. Kila wanachokifanya kiandikwe katika daftari na kupigwa picha kabla na baada, maana Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza kazi hizi duniani, hutaka kumbukumbu ya kila hatua, na hukataza kujenga upya kwa kubahatisha. Lipu ya ukuta wa kaskazini isibanduliwe kwa pupa. Sehemu iliyovimba itatolewa kwa tindo ndogo, na ile iliyoshika sana iachwe kwanza, isije ikang'oa jiwe.

Shimo la chokaa laweza kuchimbwa nyuma ya ofisi ya usharika, penye kivuli cha mwembe, likafunikwa kwa mbao imara na kuwekewa uzio kwa ajili ya watoto wa Shule ya Jumapili. Chokaa itakayozimwa humo kabla ya Kwaresima itakuwa tayari kwa ukuta wa makaburi baada ya masika.